Kuhusu funguo za seva ulizokabidhiwa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi sana kusikia kwamba umekabidhiwa seva za chuo chenu. Umeniuliza uanzie wapi. Mimi naona uanzie kwenye funguo za SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kabla ya kugusa jambo jingine lolote.

Fungua faili la authorized_keys la kila mtumiaji, lenye orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kwa jina lake, la root (msimamizi mkuu wa mfumo) likiwemo, na kwa kila mstari uulize ufunguo huo ni wa nani na unafanya kazi gani. Huenda ukakuta funguo za watu walioacha kazi zamani, kwa sababu mtu anapoondoka hufungiwa barua pepe na kubadilishiwa nywila, lakini SSH haijui nani ameajiriwa na nani ameondoka. Inachotazama ni kama ufunguo umeandikwa mle. Usiojulikana mwenyewe, ufute.

Kisha kila msimamizi atengeneze ufunguo mpya kwenye kompyuta yake mwenyewe kwa amri ya ssh-keygen -t ed25519, aulinde kwa nywila ndefu, na akuletee ule wa umma peke yake, yaani nusu inayowekwa kwenye seva. Ule wa siri, nusu inayobaki kwenye kompyuta yake, hauna sababu ya kusafiri, iwe kwa barua pepe, kwa WhatsApp au kwa flashi, na ukishatumwa, hata kama umetumwa kwako, uhesabuni kuwa umepotea. Funguo mpya zikishafanya kazi, weka PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya SSH ya seva, ili nywila peke yake isimwingize mtu tena, kagua mipangilio hiyo kwa sshd -t, na usifunge dirisha ulilo nalo mpaka umeingia kwa dirisha la pili.

Nasisitiza funguo mpya kwa sababu ya yaliyotokea kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Mwaka 2008 Luciano Bello aligundua kwamba OpenSSL ya Debian, programu ya usimbaji iliyotumika kutengeneza funguo, tangu Septemba 2006 ilikuwa imepoteza karibu chanzo chote cha unasibu, yaani namba zisizotabirika, hata ikabaki namba ya mchakato tu, ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kikomo chake cha kawaida kilikuwa 32,768. Mshambuliaji aliweza kuzitengeneza funguo zote hizo mapema na kuzijaribu mmoja mmoja. Marekebisho yalitoka tarehe 13 Mei 2008, lakini kurekebisha programu hakukuziponya funguo zilizokwisha kuzaliwa dhaifu, na zilizokuwa zimepelekwa kwenye seva zisizotumia Debian kabisa zilibaki hatari huko huko zilikokuwa. Kwa hiyo usasishaji wa kila wiki, ambao najua hutauacha, hauwezi kushika nafasi ya kuzikagua funguo zenyewe.

Kuhusu diski zilizosimbwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga data za diski kwa nywila, toa nakala ya kichwa cha kila diski, yaani sehemu ya mwanzo yenye taarifa za kuifungulia, kwa cryptsetup luksHeaderBackup na uihifadhi mbali na seva, kwa maana kichwa kikiharibika, nywila sahihi haitakufaa kitu. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii: nakala ya zamani bado inaikubali nywila ya zamani, hivyo aliye nazo zote mbili ataweza kuifungua diski hata kama ulikwisha kuibadilisha nywila hiyo. Kila ukibadilisha, toa nakala mpya na uiharibu ya zamani.

Ukimaliza kuikagua ile mistari, niandikie ni mingapi imekosa mwenyewe, hasa kwenye seva ya matokeo ya mitihani, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.