Kwako uliyemtuma mama mkubwa

Mdogo wangu,

Swali lako nimelipata. Limetoka Bremen likaenda Tanga kwa mama mkubwa, likalala huko siku mbili kwa sababu hakuwa na bando, kisha likapanda tena mpaka Hamburg, likanikuta usiku nikiwa zamu. "Eti mtu akitaka kupanga nyumba huko Ujerumani anatakiwa awe na karatasi gani? Kuna kijana mmoja anauliza."

Kijana mmoja! Mama mkubwa hajui kudanganya, ndiyo maana hata karata humshinda. Nikamwuliza, huyo kijana ana kovu kwenye goti la kushoto? Akacheka mpaka akakohoa.

Kutoka kwako hadi kwangu ni kama saa moja ya treni. Zamani swali kama hilo lingepitia kwa mama. Sasa limebidi lipitie kwa dada yake, mama wa watu, anayelipa bando kwa pesa ya mahindi ya kuchoma ili sisi wawili tusisikilizane sauti.

Namba yangu umeifunga, basi najibu hapa, maana najua unasoma. Wengine mtakaopita mtanisamehe. Chukueni kitakachowafaa.

Karatasi. Tengeneza faili moja na uitembeze kama ulivyokuwa ukitembeza kadi ya kliniki. Weka hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, mkataba wa kazi, nakala ya pasipoti na ya kibali cha kuishi. Weka barua ya unakokaa sasa inayosema hudaiwi kodi. Hosteli ya hospitali watakuandikia ukiwaomba kabla hawajakutoa, na watakutoa, kwa kuwa mafunzo yamekwisha na chumba kile kilikuwa cha mwanafunzi. Na Schufa, ile karatasi inayosema kama ulikopa simu ukalipa au ukaingia mitini. Ya bure ipo, ni haki yako kisheria, ila inakuja na habari zako nyingi kuliko anazohitaji mwenye nyumba. Ya kulipia ni fupi na ndiyo wanayopenda.

Kodi wanaigawa mbili, baridi na moto, ndivyo wanavyosema wenyewe. Baridi ni ya kuta na dari. Moto ni hiyo pamoja na maji, taka, mfagiaji wa ngazi na kwa kawaida joto la chumba. Umeme na intaneti unajitegemea. Ukiona tangazo la bei nzuri, angalia kwanza ni bei ipi, usije ukashangilia ya baridi halafu ukalia kwenye ya moto.

Amana haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Wasikutishe. Hapo afadhali kuliko Dar es Salaam, mtu anakudai miezi sita mbele na bomba halitoi maji. Na dalali: tangu mwaka 2015, kwenye nyumba za kupanga, aliyemwita ndiye anayemlipa. Dalali wa mwenye nyumba akikudai mwezi mmoja wa udalali kama wale wa Sinza, aga uondoke. Yule anayekuandikia kwamba yuko nje ya nchi na funguo atazituma kwa posta ukishatuma pesa, huyo unamjua. Hatutamzungumza hapa.

Nyumba tupu ujue ni tupu kweli. Unaingia unakuta nyaya zinaning'inia darini na ukuta wa jikoni una mabomba mawili yanayokutazama. Sinki hakuna, makabati hakuna, jiko hakuna. Wengi wakihama hubeba jiko lote kama kobe na gamba lake. Weka pesa ya jiko pembeni kabla hujaweka ya kitanda. Kitanda utavumilia, wewe hulala popote, nakujua.

Ukishapata, una wiki mbili tangu kuhamia za kwenda kujiandikisha, na mwenye nyumba lazima akuandikie kwamba kweli umehamia. Bila huo uandikishaji huna anwani, na bila anwani mambo mengi yanagoma, hata ile namba ya kodi inachelewa. Kodi ya serikali hiyo, si ya nyumba. Kiswahili chetu kimetumia neno moja kwa maumivu mawili. Na Wajerumani hawa hawa ndio tuliochukua kwao neno shule na neno hela. Nyumba walituachia tuitafute wenyewe.

Najua ukifika hapo kwenye uandikishaji utasimama kusoma. Nami nimesimama kuandika. Nitarudi.

Lingine: kwenye kutazama nyumba usiende peke yako. Nenda na mtu anayekijua Kijerumani kuliko wewe. Ingawa sasa nimesikia umemaliza kwa alama nzuri, wagonjwa wanakuelewa, na madaktari pia. Hata siku ile Kijerumani chako kilitosha. Ndiyo shida yenyewe. Kilitosha.

Barmbek, mtaa wa hapa Hamburg, Novemba, Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijalala. Foleni ilianzia mlangoni ghorofa ya tatu, ikashuka ngazi zote, ikatoka nje hadi penye baiskeli. Nilihesabu vichwa, nilipofika 40 nikaacha. Chumba kimoja, mita 26, bila jiko. Ulikuwa umevaa koti langu la kijivu, mikono imeishia juu ya viganja, faili umelikumbatia kifuani kama mtoto wa kipaimara na kitabu cha nyimbo.

Mlangoni tukapewa vile vifuko vya buluu vya kuvalisha viatu. Wengine wote yule mama wa ofisi ya upangishaji aliwapa fomu na kuwaonyesha njia. Wewe alikusikiliza. Ukasema hotuba tuliyoikariri jikoni siku nne, jina langu fulani, najifunza uuguzi, sivuti, sina mnyama, nalala mapema. Uongo huo wa mwisho niliutunga mimi. Akacheka, na hakukucheka kwa ubaya. Akasema mshahara wa mwanafunzi ni mdogo, itabidi apatikane mdhamini. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ni ndugu yake?"

Nikasema hapana, mimi nimekuja kutafsiri tu.

Nur. Tu. Neno hilo nilikufundisha mwenyewe wiki yako ya kwanza, dukani kwa mkate: nur zwei, mbili tu, ili wasikufungie mfuko mzima. Hukunitazama. Ulitazama miguu yako ndani ya ile plastiki. Ukamshukuru yule mama kwa adabu yote ambayo mzee alitupiga nayo, ukashuka ukiwapisha watu ngazi kwa ngazi, samahani, samahani. Vifuko hukuvua. Ulitembea navyo mpaka kituo cha treni, vinasugua lami, shwa, shwa, nami nyuma yako naogopa kukuambia uvivue.

Kazini kwangu vifuko vile vipo, boksi zima kwenye korido ya wazee wa ghorofa ya pili. Mimi hupitia ngazi ya nyuma.

Jioni mama akapiga. Hakusalimia kwa kirefu. Akauliza, "Jogoo amewika huko, mwanangu?" Nikadhani ananiuliza saa. Nikamwambia huku ni jioni, na mjini kwetu hakuna majogoo. Akasema haya, akakata. Nilikuwa nakata kitunguu. Nilifika katikati yake ndipo nikaelewa.

Petro alikana mara tatu akakabidhiwa kondoo. Mimi mara moja tu, ukoo mzima ukanivua udada.

Kwa hiyo na wewe nisikilize. Uliwaambia watu kwamba nilikufukuza kwenye baridi. Sikukufukuza. Uliondoka Jumanne nikiwa kazini, ukakunja blanketi vizuri, ukaacha ufunguo ndani ya sufuria ya ugali ambapo ulijua nitauona tu nikipika. Hukuwaambia watu hayo. Wala hukuwaambia za wiki sita kabla yake: kwamba mimi nililala mchana nawe mchana ukakaanga samaki madirisha yamefungwa mpaka king'ora cha moshi kikamtoa jirani na taulo, kwamba saa tano za usiku ulizungumza na simu kama uko Ngamiani unamwita mtu wa barabara ya pili, na aliyepata barua kutoka kwa mwenye nyumba ni mimi. Hukusema nani alilipa nauli zako za kwenda kutazama vyumba. Sikudai. Nasema tu kwamba hukusema.

Ulisema sikukuandikia ile karatasi ya kuthibitisha unakaa kwangu. Kweli, sikuandika. Uliiweka mezani, na kalamu juu yake, nami nikaweka chai juu yake. Hapo ndipo palipokuuma kwanza, Barmbek ikaja kumalizia.

Sasa hesabu. Nyumba yangu ile ilikuwa ya mita 31. Wanapopima kama nafasi inatosha kumleta mtoto kutoka nje, kipimo chao ni mita 12 kwa kila aliyetimiza miaka sita, na 10 kwa aliye chini ya hapo. Mimi 12. Mtoto wangu alikuwa na miaka tisa, 12. Ni 24, tunatosha na tunapumua. Ongeza jina lako kwenye anwani ile, inakuwa 36. Gawanya mwenyewe, hesabu ulinishinda tangu darasa la pili.

Faili la mtoto lilikuwa ubalozini tangu Septemba. Wanataka pia waone mshahara wako unalisha midomo mnayosema, nami nilijiona natia saini ya udhamini, halafu mtu anafungua kompyuta na kusema, kumbe huyu mama ana deni la kodi ya mtu mwingine. Hakuna aliyeniambia kwamba ingekuwa hivyo. Sikumwuliza mtu. Yule mama aliponitazama niliona faili, nikasema tu neno lililokuwa karibu.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu ungemwambia mama. Tangu ile habari ya baiskeli ya mzee, siri kwako ina miguu. Na mama hakujua kwamba naomba kumchukua mtoto. Alimpokea ana miezi minane, akamtoa meno, akampeleka shule, mtoto akamwita yeye mama na mimi akaniita anti wa Hamburg. Mwezi ule ule wa Barmbek mama alinitumia picha ya sare mpya alizomshonea za mwaka unaofuata, kubwa kidogo, akue nazo. Niliijibu picha ile kwa alama ya moyo. Nikawa na waongo wawili wa kuwalinda ndani ya mwili mmoja, nawe ukanijia na hotuba ya kukariri.

Mtoto alikuja Julai. Mama akampakia kwenye sanduku zile sare pia. Mwaka uliofuata tukamzika mama. Pale msibani ulinipa mkono kama unavyompa mjumbe wa nyumba kumi, ukaenda kukaa na wanaume. Nilikuwa nimepanga nimweleze mama mwenyewe, kwa mdomo, si kwa simu, nikiwa na zawadi na muda. Amekwenda na swali lake la jogoo.

Hilo ndilo siwezi kukusamehe, kama unataka kujua. Barmbek ni yangu, nitaibeba mimi. Lakini ungengoja wiki moja. Wiki moja tu kabla ya kumpigia, uje uniulize mimi kwanza, dada, mbona vile? Ningekuambia. Labda nisingekuambia. Lakini ungeuliza.

Mtoto sasa ana miaka 12, anasema Kijerumani cha pua kama mtu wa hapa, na ananisahihisha mbele ya walimu. Anakumbuka ulivyokuwa ukimpandisha mgongoni kwenda Raskazone kuogelea. Anauliza mjomba yuko nchi gani. Nimemwambia Bremen. Akasema, hiyo si nchi.

Tuendelee na karatasi, imebaki moja. Mshahara wako wa sasa huenda ukatosha wenyewe, lakini wengine huku bado watataka mdhamini kwa mtu anayepanga nyumba yake ya kwanza, jina lenyewe wakishindwa kulitamka. Fomu nimeichapa. Nimejaza jina langu, anwani mpya, kazi, mshahara, nimetia saini. Kuna kisanduku kinachouliza mdhamini ana uhusiano gani na mpangaji. Nimekiacha wazi. Utajaza wewe, kwa mwandiko wako, neno lolote utakalotaka, hata ukiandika mkalimani.

Jumamosi sina zamu. Ukija, pitia duka la Waafrika pale karibu na kituo uchukue unga, wangu umekwisha. Na koti langu la kijivu ulilete. Sitaki uniambie limechanika; najua limechanika kwapani, lilichanika kabla yako.