Wanaowatungia na kuwachorea watoto vitabu ni akina nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wachapishaji wa vitabu vya watoto.

Siku hizi wachapishaji wetu wanajitahidi kuingiza katika hadithi watoto wa kila hali: mtoto wa mfugaji, msichana anayetumia kiti cha magurudumu, mvulana mwenye ualbino. Nawashukuru kwa dhati. Ninachoomba sasa ni kwamba watu wa hali hizo wapewe pia kalamu na brashi.

Hapa Kusini Unguja, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 na hadi leo wakulima wengi ni wanawake, niliwasomea wanafunzi hadithi yenye picha ya mama anayevuna mwani huku akiogelea kwenye kina kirefu. Watoto hao hufuatana na mama zao wakati wa bamvua, maji yanapokauka, na wanajua kufunga mbegu kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti. Waliniuliza kama mama yule anazama. Siamini kwamba mchoraji alikuwa na nia mbaya, lakini mtu aliyekulia ufukweni asingeichora picha ile.

Linaloniumiza zaidi ni hadithi za watoto wenye ualbino. Karibu zote nilizosoma zimetokana na mashambulizi yaliyoitikisa nchi yetu, hivyo mtoto huyo huwindwa, hufichwa, kisha huokolewa na mtu mwingine. Hatari ile ilikuwa ya kweli na haifai kufichwa. Hata hivyo, mwandishi aliyezaliwa na ualbino angetueleza pia habari za kofia ya ukingo mpana, za kuomba dawati la mbele kwa sababu ya uoni hafifu, na za kugombea embe na kaka yake, kwa kuwa hayo ndiyo maisha ya mtoto huyo siku nyingi za mwaka.

Mwaka 1985, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, Marekani, kilihesabu watunzi badala ya wahusika, kikaona kwamba kati ya vitabu takribani 2,500 vilivyochapishwa nchini humo mwaka ule, 18 tu vilikuwa na mwandishi au mchoraji Mweusi. Tom Feelings, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupewa heshima ya Caldecott kwa uchoraji wa vitabu vya watoto, aliipata mwaka 1972 kwa kitabu cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, kilichoandikwa na Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda. Ikiwa Kiswahili kilimfikisha msanii huyo huko, hatuna sababu ya kumwacha nje kijana wa Jambiani au wa Longido.

Sisemi kwamba mtu wa bara asiandike habari za pwani. Aandike, lakini amshirikishe mwenyeji tangu rasimu ya kwanza. Wachapishaji waweke jina la mchoraji jaladani sambamba na la mwandishi, na waeleze kwa ufupi kila mmoja amekulia wapi. Warsha za uandishi zifike wilayani. Nao waandaaji wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo tayari inapokea hadithi za watoto, nawaomba wamtuze mchoraji pamoja na mwandishi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kusini Unguja