Kijiti kinachowekwa kiwe na wa kukitoa

Ndugu Mhariri,

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012, na tangu hapo malumbano hayajakoma: wapo wanaosema tunazaana mno, wapo wanaosema nchi ni kubwa, tuendelee kuzaa. Sisi tuliohudumu kwenye uzazi wa mpango Mkinga, Muheza, Pangani na hapa Tanga mjini tunaomba nafasi ya kusema jambo moja. Sera ya idadi ya watu haimfikii mke na mume kwa waraka. Inawafikia kwa kile kilichomo kabatini siku waliyofika zahanati, kwa mhudumu aliyefundishwa kukitumia, na kwa kile ambacho mkubwa wa kazi atauliza mwisho wa mwezi.

Chukua vijiti, yaani vipandikizi vya mkononi. Baada ya mkutano wa London wa 2012 kuhusu uzazi wa mpango, serikali na wafadhili walikubaliana na watengenezaji bei ikashuka hadi dola 8.50 kwa kipandikizi, karibu nusu ya ile ya awali. Vikanunuliwa kwa wingi, timu za huduma ya mkoba zikapita vijijini, na kufikia utafiti wa afya wa 2022 vijiti vilikuwa vimeipita sindano kwa wanawake walioolewa. Wanandoa wa Maramba au Mwera hawakukaa kikao kukubaliana kupenda kijiti. Kilikuwepo, kilikuwa bure, na hakimlazimishi mama kurudi kila miezi 3 kama sindano. Ni njia nzuri sana, tunaitetea. Kasoro iko kwenye kukitoa.

Kukiweka ni kazi ya dakika chache: ganzi, kisha kijiti kinaingizwa kwa kifaa chake chini ya ngozi ya mkono usiotumika sana, upande wa ndani juu ya kiwiko. Kukitoa ndiko kunakotaka mkono uliozoea. Kwanza kijiti kipapaswe. Kisipopapasika, hakuna kukata. Kikipapasika, bonyeza ncha ya upande wa bega ili ile ya upande wa kiwiko iinuke. Ganzi ya lidokeini, nusu mililita hadi moja, ichomwe chini ya ncha hiyo na si juu yake, maana ikichomwa juu ngozi huvimba na kijiti hakionekani tena. Mkato wa milimita 2 unatosha. Kijiti kisukumwe kuelekea kwenye mkato, utando uliokizunguka ufunguliwe kwa bledi, ndipo kishikwe kwa koleo ndogo na kuvutwa. Aina iitwayo Jadelle ina vijiti viwili: vyote vihesabiwe kabla ya jeraha kufungwa.

Kinachoharibika huanzia mara nyingi siku ya kuweka. Mhudumu asipoinua ngozi kwa ncha ya kifaa, kijiti huzama kwenye nyama. Hicho hakitolewi kwa kubahatisha, kwa sababu mishipa ya fahamu na ya damu iko karibu. Mama apelekwe hospitali kwenye altrasaundi. Implanon NXT, aina yenye kijiti kimoja, huonekana hata kwa eksirei. Lakini shida iliyo kubwa zaidi haina utaalamu wowote ndani yake: timu iliyoweka vijiti imeshaondoka, nesi aliyebaki hakufundishwa kutoa, na hata akijua hana koleo wala bledi. Mama anaambiwa asubiri timu irudi.

Anayesubiri ana sababu zake. Huyu anatoka damu ya matone wiki hadi wiki, yule mumewe anataka mtoto, mwingine ameolewa upya. Akikataliwa mara mbili tatu, jirani zake wote wanajua. Wanaofuata watachagua sindano, kalenda, au wataacha kabisa, na kwenye ripoti itaandikwa kwamba wanawake wa eneo hilo wana imani potofu. Siyo imani potofu. Wameona kwa macho yao.

Chanzo ni hesabu. Vikao vya tathmini huuliza wateja wapya ni wangapi. Ni nadra kuulizwa wangapi walikuja kutoa na wangapi walirudishwa. China ilifika mwisho wa njia hiyo: kwa miongo mingi mama aliyezaa mtoto wa kwanza aliwekewa kitanzi cha pete ya chuma kisicho na nyuzi, ili asiweze kukitoa bila daktari. Watoto wawili waliporuhusiwa mwaka 2016, mamilioni ya wanawake walikuwa bado na pete hizo tumboni.

Kwetu upepo ulivuma upande wa pili. Septemba 2018 Rais wa wakati ule alitamka hadharani kwamba wanawake wanaweza kuachana na uzazi wa mpango, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Dawa zilibaki kabatini, lakini mume aliyekuwa akisitasita alipata hoja.

Hata sheria ambayo haitaji uzazi wa mpango hupanga uzazi. Sheria ya Ajira ya 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Kwa mfanyakazi wa shamba la mkonge, kijiti cha miaka 3 kinaoana na mzunguko huo, na hatuoni ubaya, mradi siku akitaka kutoa apate wa kumtolea.

Tunaomba halmashauri za mkoa wetu ziandike kwenye bajeti seti ya kutolea vijiti kwa kila zahanati inayoviweka, zifundishe angalau wahudumu wawili kila kituo ili mmoja akihamishwa huduma isife, na zisiruhusu timu ya mkoba kuweka kijiti mahali ambapo hakuna wa kukitoa.

Kwa wenye kijiti: tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye kadi yako. Ikipita, kijiti si sumu, lakini usikitegemee. Tumieni kondomu, na umtake nesi akuandikie rufaa siku hiyo hiyo. Usimpe mkono mtu wa mtaani mwenye wembe.

Wauguzi na wakunga wastaafu,
Tanga