Mchuzi wa karanga ukikatika: karanga ipi kwa pishi lipi la Asia lisilo na nyama

Wateja wanaonunua siagi yetu ya karanga ili wapike gado-gado (mboga za kuchemsha zenye mchuzi wa karanga) au mchuzi wa Kihindi hurudi na maswali yaleyale: mbona mafuta yameelea juu? Mbona umekuwa mzito kama uji wa jana? Mara nyingi mapishi hayana kasoro. Tatizo ni karanga yenyewe: ilitakiwa iwe nzima, au ya chengachenga, na mpishi ameweka ya kopo iliyotiwa sukari.

Wareno na Wahispania waliifikisha karanga Asia kutoka Amerika Kusini karne ya 16, na kila nchi ikaichukua kwa njia yake. Java, kisiwa cha Indonesia, huikaanga na kuitwanga. Maharashtra, magharibi mwa India, huibanika na kuisaga ibaki chengachenga. Sichuan, jimbo la China, huiacha nzima. Ukibadilisha moja kwa nyingine, chakula kinaharibika.

Tuanze na gado-gado ya Indonesia, maana ndiyo inayowasumbua wengi. Kwa watu wanne, chukua karanga mbichi gramu 200 na uzikaange na maganda yake membamba ya ndani kwenye mafuta, moto wa wastani unaoelekea chini. Pasua moja: ndani ikianza kugeuka rangi ya kahawia hafifu, ziopoe zote hapohapo. Zinaendelea kuiva nje ya mafuta, kwa hiyo ukingoja hadi ziwe za rangi unayoitaka, zitakuwa chungu. Twanga kwanza vitunguu saumu punje 3, pilipili 2 na chumvi nusu kijiko cha chai. Fuatisha sukari guru gramu 40, kisha karanga. Hapo ongeza maji ya moto kidogo kidogo, jumla kama mililita 300.

Maji ya kwanza yataifanya rojo iwe ngumu zaidi. Usishtuke na usikimbilie kuongeza mafuta: karanga inanyonya maji, na ukiendelea kuyatia italegea. Pika kwa moto mdogo dakika 5 hadi 7 huku ukikoroga hadi chini ya sufuria, kwa kuwa karanga huungua haraka. Mafuta yakitengana, maana yake maji yamekauka. Ipua, tia vijiko 2 au 3 vya maji ya moto, piga kwa nguvu, itarudi. (Mchuzi wenye tui zito ni kesi nyingine: huko mafuta kidogo juu ni dalili ya kuiva.) Ukwaju mzito, kijiko kimoja cha chakula, utie mwishoni huku ukionja. Ipua mchuzi ukiwa mwepesi kuliko unavyoutaka mezani, kwani unapopoa hukaza.

Mboga zichemshwe kila moja peke yake: maharage machanga dakika 3, kabichi dakika 1, mchicha sekunde 30, chipukizi za choroko sekunde 15 tu. Zitumbukize kwenye maji baridi, kisha zichuje sawasawa, la sivyo maji yake yatauzimua mchuzi. Ongeza viazi vya kuchemsha, na tofu (jibini ya soya) na tempe (soya iliyochachushwa) za kukaanga.

Kwa asiyekula nyama wala samaki, mtego uko kwenye vikolezo. Terasi ni uduvi uliochachushwa, na mara nyingi imo ndani ya mchuzi wa karanga wa pakiti. Kerupuk, vile vikaango vikavu vinavyoliwa pamoja na gado-gado, nyingi nazo zina kamba. Soma lebo, au nunua emping, inayotengenezwa kwa mbegu za melinjo.

Maharashtra wana unga wa karanga wanaouita kut. Banika karanga bila mafuta, moto mdogo, dakika 12 hadi 15, ukigeuza bila kuacha. Ziache zipoe kabisa, pukusa maganda, kisha saga kwa kubonyeza mashine sekunde mbili mbili. Karanga yenye joto huachia mafuta na kugeuka siagi kabla hujatahamaki, na siagi haifai kwa sabudana khichdi, pishi lao la punje za wanga. Kazi ya kut pale ni kuzizunguka punje za sabudana, zile nyeupe za wanga wa muhogo, na kunyonya unyevu zisigandane. Osha kikombe 1 cha sabudana hadi maji yawe maangavu kabisa, acha maji yanayozifikia usawa tu, loweka saa 4 hadi 6. Punje ikipondeka kwa vidole viwili bila kiini kigumu, iko tayari. Changanya na nusu kikombe cha kut na chumvi kabla ya kugusa moto, kisha kaanga kwenye samli yenye jira, pilipili mbichi na viazi vilivyochemshwa, dakika 5 au 6. Usifunike muda mrefu, mvuke utaifanya inate. Hiki ni chakula cha siku za mfungo wa Kihindu, ndiyo maana hakitiwi manjano.

Jamii za Kigujarati za Afrika Mashariki zina kasodi: mahindi ya vipande kwenye karanga iliyosagwa na tui la nazi. Hapo ndipo siagi laini isiyo na sukari inapofaa.

Kwa tofu ya gong bao ya Sichuan, ya kukaanga yenye pilipili, weka karanga nzima kwenye mafuta ya baridi, ndipo uwashe moto mdogo. Zinaiva ndani na nje sawia. Ziopoe, kisha zirudishe kwenye kikaango sekunde 15 kabla ya kuipua tofu. Zikikaa kwenye mchuzi zinalainika, na ule mkwaruzo ndio unaotafutwa.

Jambo moja tunalisisitiza kwa kila mteja: chambua karanga kabla ya kupika, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha kwa kawaida.

Unapoagiza, tuambie unapika nini. Tunabanika na kusaga baada ya kupokea oda: nzima, chengachenga au laini, bila sukari na bila mafuta ya kuongeza. Ya chengachenga ihifadhi kwenye chombo kinachobana, ndani ya friji, na ikianza kunuka kama rangi ya mafuta, usiipike.