Kwa nini sipandi: barua kwa wanangu wa bodaboda wa stesheni, Tabora

Wanangu wa kijiweni,

Mwangaluka. Kila asubuhi nikipita hapo chini ya mwembe mnanipa shikamoo zangu kwa adabu, na hakosekani mmoja wa kuwasha pikipiki na kusema, "Babu, panda nikusogeze, sitaki hela." Nami hukataa. Juzi nilimsikia kijana akimnong'oneza mwenzake kwamba mzee anaogopa pikipiki. Siogopi, mwanangu. Jibu langu ni refu, ni habari ya kisukari, na kijiweni abiria hawaachi nafasi ya maneno marefu, ndiyo maana nimeandika.

Mdogo wangu aliyenifuata ziwa alikuwa dereva wa lori. Mimi nilikuwa mtu wa reli. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kutembea juu ya mataruma na spana ndefu begani, nikikagua na kukaza, jua langu, mvua yangu. Yeye alikaa. Tumbo lilimtoka, sisi tukafurahi, tukasema kazi imemkubali. Akirudi safari anashusha soda mbili kwa mkupuo, anakula, analala mpaka alasiri.

Mwaka 1994 alianza kuamka usiku, mara tatu, mara nne. Choo chetu pale Ng'ambo kilikuwa mbali kidogo na nyumba, naye gizani akawa anamalizia haja ndogo palepale uani, kwenye mchanga chini ya mpapai. Asubuhi mama akafagia, akakuta sisimizi. Mstari mweusi ulishuka ukutani, ukakata uwanja, ukaishia kwenye mchanga uliolowa, na hapo walikuwa wamejazana, wametulia, kama wanaokunywa. Mama akamwaga majivu. Kesho yake mgonjwa alikuwa amehamia hatua tatu kando, na sisimizi nao wamehama naye.

Jirani akasema kuna mkono wa mtu. Tukaamini. Tukazunguka kwa waganga miezi kadhaa, huku mwenzetu anakonda suruali zinamvuka, anamaliza ndoo ya maji na bado anasema ana kiu, analalamika nyayo zinawaka moto. Ili apate nguvu tukampa asali, ile ya nyuki wakubwa kutoka Sikonge, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nampimia, kwa mkono wangu huu.

Aliyetuzindua alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Nilikwenda kununua shuka la mgonjwa, nikamsimulia habari ya sisimizi. Akaweka mkasi chini. Akaniambia hicho ni kisukari, kwao ugonjwa huo unaitwa madhumeh, na akanitafsiria neno: madhu ni asali, meha ni mkojo. Mkojo wa asali. Matabibu wao wa kale, Charaka na Sushruta, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita walikwishaandika kwamba sisimizi huufuata mkojo wa mgonjwa huyo. "Mpeleke hospitali leo," alisema, "usingoje kesho." Tukampeleka. Lakini kidonda cha kidole, alichochubuliwa na ndala wala asikisikie, kilikuwa kimekwishakuwa cheusi. Mguu ukakatwa chini ya goti. Aliishi miaka miwili baada ya hapo.

Baada ya msiba nilirudi dukani mara nyingi, nikaketi kwenye benchi lake, nikauliza. Yule mzee alikuwa mfuasi wa Ayurveda, yaani elimu ya uhai, tiba ya jadi ya Bara Hindi. Siku moja alinihesabia kwa vidole mambo ambayo Charaka aliyataja kuwa ndiyo mama wa ugonjwa huu: raha ya kukaa, raha ya kulala, mtindi kwa wingi, maziwa, nafaka mpya, vitu vya sukari guru. Sikuyasikia ya katikati. La kwanza lilinitosha. Raha ya kukaa! Nilimwona mdogo wangu nyuma ya usukani, miaka kumi na tano.

Sasa niwatazame ninyi. Mnatoka nyumbani saa kumi na mbili mmekaa juu ya pikipiki. Abiria hayupo, mnamngoja mkiwa mmekaa juu ya pikipiki. Chakula kinaletwa mlipo. Kwenda kununua vocha duka la pili, mnawasha injini. Mnarudi saa nne usiku mmechoka kweli, siwabezi, mgongo unauma na macho yamejaa vumbi. Ila hiyo ni kuchoka kwa mtu ambaye miguu yake haijafanya kazi.

Hili si la Wahindi wa kale peke yao. Unapokula, wanga unageuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, ambayo ndiyo inayoufungua mlango wa misuli ili sukari iingie na kutumika. Mafuta yakikusanyika tumboni, mlango unakuwa mgumu. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, hatimaye linachoka. Lakini msuli unaofanya kazi huweza kuvuta sukari hata insulini ikiwa kidogo. Ndiyo maana kutembea dakika kumi au kumi na tano baada ya kula kunapunguza ile sukari inayopanda baada ya mlo. Mzee wangu wa duka alikuwa na desturi hiyo: akishakula mchana hutoka, huzunguka kibaraza chake hatua mia, ndipo arudi kwenye vitambaa.

Wamarekani nao walilipima jambo hili. Walichukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufika kwenye ugonjwa. Kundi moja likafundishwa kula kwa kiasi, kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: kwa muda wa miaka kama mitatu, waliougua kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakupewa mafunzo hayo wala dawa. Katika kundi jingine, lililopewa vidonge vya kushusha sukari, walipungua kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Mwenye kilo 90 anadaiwa kilo 6 tu. Nilipoyasoma haya nilijifungia chumbani nikalia, kwa sababu hakuna kitu hapo ambacho mdogo wangu angeshindwa.

Hapa kwetu Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa watu 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hesabuni wenyewe mko wangapi hapo kijiweni.

Niingie kwenye chakula, na nianze na asali, maana najua ndipo mtakapobishana nami. Sisi watu wa Tabora tumelelewa na asali. Ni mahari, ni dawa ya kifua, ni heshima ya mgeni. Kijana anaacha sukari ya dukani na kujimiminia asali kwenye chai, vijiko vinne, akiamini amepona. Hata katika hili sikukubaliana na mzee wangu; matabibu wao wa kale waliiruhusu asali, na hasa iliyokaa muda mrefu, iwe sehemu ya dawa za ugonjwa huu. Nawaheshimu, lakini mimi niliipima asali hiyo kwa kikombe na nikaona ilichofanya. Asali ni sukari kwa asilimia kama 80, kilichobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kapu moja na sukari ya kuongezwa, na linashauri kwamba vyote kwa pamoja, ikiwezekana, visizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita hivi vya chai. Kijiko kimoja cha asali kwa siku, kuleni kwa furaha. Kikombe, hapana.

Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya sukari. Chupa moja, na siku yako imekwisha saa nne asubuhi. Zile enaji mnazokunywa ili msisinzie usiku ni mle mle. Kama ni kiu, maji yapo. Kama ni usingizi, mwili unakudai, ulipe. Kulala kwa muda wa saa nne au tano tu kila usiku nako kunausukuma mwili upande huo huo wa kisukari. Na sigara pia, ingawa tumbaku ndiyo inayosomesha watoto wengi mkoani kwetu.

Charaka aliwapa wagonjwa wake shayiri badala ya nafaka laini. Sisi hapa Tabora shayiri si chakula chetu, lakini tuna mtama na uwele, vyakula vya bibi zetu, na tuna dona. Sembe nyeupe imevuliwa pumba na kiini, inayeyuka upesi na kuipandisha sukari upesi. Mwambieni mama ntilie awapikie dona. Mkiwa ishirini mnaodai, atapika. Kisha geuzeni sahani: mboga ndiyo ijae nusu. Mlenda, kisamvu, nsansa, majani ya maboga, maharage kando, na ugali uwe kama ngumi yako. Siku hizi naona mlima wa ugali na mboga iliyopakwa pembeni. Chipsi mayai na soda iwe chakula cha siku moja moja, isiwe ya kila mchana. Embe msiliogope, kuleni moja zima kwa meno; juisi yake yenye sukari juu ndiyo ya kuacha.

Kuna kanuni moja ya Ayurveda nimeishika mpaka leo: tumbo lina sehemu nne, mbili za chakula, moja ya maji, na moja iachwe wazi. Wazee wetu nao walisema usile ukavimbiwa. Ninapofika mahali ambapo bado ningeweza kula kidogo, nanawa mikono.

Sasa la kuonya. Kuna watu wanapita vijiweni na unga kwenye vikopo, wanasema ni dawa ya Kihindi, inamaliza kisukari kwa siku arobaini. Msinunue. Watafiti wa Marekani waliwahi kupima dawa za Ayurveda zinazouzwa kwa njia ya intaneti, wakakuta kama moja katika kila tano ina risasi, zebaki au aseniki. Karela ni mboga, uwatu ni kiungo, vileni kama mboga na kiungo. Aliyekwisha kupewa vidonge au sindano asiache hata siku moja kwa sababu ya mwarobaini wala kwa sababu ya barua yangu.

Jingine, sikilizeni kwa makini. Iko aina ya kisukari inayowapata zaidi watoto na vijana, ambayo mwili wenyewe unaharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Hiyo haitokani na soda wala uvivu, na mtoto mwenye aina hiyo lazima adungwe insulini kila siku, la sivyo atakufa. Mkimwona mtoto amekonda ghafla, anakunywa maji mno na ameanza kukojoa kitandani, mpakieni kwenye pikipiki mumkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Hapo pikipiki zenu ni baraka kubwa, na hata mimi nitapanda.

Kwa ninyi wengine, kipimo ni tone la damu kidoleni, asubuhi, kabla ya kula, baada ya kukaa muda wa saa nane bila chakula. Chini ya 6.1 (milimoli kwa lita) ni salama. Kati ya 6.1 na 6.9 imeanza kupanda, na hapo ndipo mtu anapookoka kwa miguu yake. Ikiwa 7.0 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa vile vile, hicho ni kisukari, na daktari atakuongoza. Wengi hawasikii dalili yoyote kwa miaka. Mdogo wangu hakusikia mpaka sisimizi walipokuja.

Kipo na kipimo kingine kisicho na gharama. Kata kamba yenye urefu wako, kutoka utosini hadi kisiginoni. Ikunje katikati. Izungushe kiunoni, usawa wa kitovu, bila kubana tumbo ndani. Ncha zikikutana, shukuru. Zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako na una kazi ya kufanya.

Jumatatu ijayo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakuja kijiweni na bunda la kamba na mkasi. Kila mmoja nitamkatia yake. Msinywe chai kwanza. Wale ambao ncha zao hazitakutana nitakwenda nao kituo cha afya wakapime, kwa miguu, polepole, kwa mwendo wangu wa mtu wa reli. Pikipiki zibaki chini ya mwembe. Wa kuzilinda mpangane wenyewe.

Ni mimi babu yenu,
mstaafu wa reli, Ng'ambo, Tabora