Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeokota tunda la mwaloni

Mpwa wangu,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Huku Tanga hatujambo. Mama yako ndiye aliyenionyesha kwenye simu picha ya tunda la mwaloni, ule mti wa nchi za baridi waitao oak, uliloliokota huko Uingereza. Chini yake umeandika kwamba mti huo unazaa bila kuchanua. Nakujibu hadharani kwa sababu maneno hayo hayo huyasikia hapa kwetu, watu wakiisema mikoko.

Mwaloni unachanua. Mwezi wa nne na wa tano, majani mapya yakichipua, huning'iniza nyuzi laini za rangi ya manjano na kijani. Hayo ni maua dume. Yakishapeperusha chavua, ule unga wa maua dume, hukauka na kuanguka, na apitaye chini huona taka za kufagia tu. Ua jike linataka macho makali: liko kwapani mwa jani kwenye kitawi kichanga, dogo kama kichwa cha pini. Halina manukato wala madaha, kwani linangoja upepo, si nyuki. Vigamba vinavyolizunguka ndivyo vinavyokua vikawa kile kikombe cha tunda lako.

Linalonishangaza mimi ni hili. Chavua inapotua kwenye ua jike, ovuli, yaani vijiyai vya ndani ya ua vinavyogeuka mbegu, bado hazijakamilika; mgeni amefika, nyumba haijaezekwa. Mrija unaotoka kwenye chavua kuzifuata ovuli huota kidogo, kisha husimama na kungoja. Kwa mwaloni wa Uingereza ni wiki kadhaa, na tunda huiva mwaka uleule. Kwa mwaloni mwekundu, ule wa asili ya Marekani unaopandwa pia huko uliko, mbegu hutungwa baada ya miezi kama 13! Ndiyo maana mwezi huu wa kumi ukiutazama vizuri utakuta vizazi viwili kwenye mti mmoja: matunda makubwa yaliyotokana na maua ya mwaka jana, na vijitunda vya mwaka huu ambavyo havijaanza hata kunenepa.

Tena ovari ya mwaloni, yaani chumba cha ua kinachobeba ovuli, ina ovuli sita, na kwa kawaida inayokuwa mbegu ni moja.

Mkoko wetu una ovuli nne, na hapo pia hubaki moja. Ila mbegu ya mkoko hailali. Huota ingali juu ya mti, ikashuka chini ndefu na ya kijani kama ganda la mlonge, na tangu kitumba cha ua hadi mche kudondoka hupita zaidi ya mwaka. Roho huniuma ninapoona watu wakienda pwani ya Mwambani, hapa Tanga, kupanda mikoko na kunyofoa miche ambayo haijakomaa, halafu ikifa wanalaumu tope. Mche uliokomaa huonyesha pete ya manjano pale unapotokea kwenye tunda. Asiyeiona pete asivune.

Sasa nina ombi. Lipasue tunda moja kwa uangalifu, utafute vidoa vya kahawia kwenye ngozi ya mbegu: ndizo zile ovuli tano zilizokauka. Kwenye mwaloni wa Uingereza hukaa upande wa kikombe. Kwenye mwekundu, upande wa ncha. Nipigie picha. Nami nitakupigia ya ua la mkoko, mama yako akuonyeshe.

Mjomba wako, Tanga