Kabla Hujapanda Treni ya Alhamisi

Mwanangu mpendwa,

Jana mama yako alinieleza kwa simu kwamba tiketi yako ya Dar es Salaam imekwisha kukatwa, na kwamba Alhamisi unaondoka kwenda kwa shangazi yako ukiwa na nia ya kutafuta kazi kwenye treni ya umeme. Sitaweza kufika nyumbani kabla ya siku hiyo, kwa kuwa gengi letu la matengenezo ya reli bado linabadilisha mataruma, yaani nguzo za kulala zinazobeba reli, huku Saranda na nyapara hatoi ruhusa, ndiyo maana nimempa barua hii mwenzangu anayerudi Manyoni. Safari sikukatazi. Ninachokuomba ni kwamba usiende mjini ukidhani kuwa ile F ya Hisabati ya kidato cha nne itafichwa na B zako za Kiswahili na Jiografia, ambazo nimewaonyesha watu wote wa kambi hii.

Ulimwambia mama yako kwamba treni za siku hizi zinajiendesha kwa kompyuta na dereva hana hesabu ya kupiga. Aliyekuambia hivyo hajawahi kusimama kando ya njia. Treni ya abiria kwenye reli mpya hufika mwendo wa kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 44 kwa kila sekunde moja. Ukiilinganisha na treni inayokwenda kilomita 80, mwendo umezidi mara mbili tu, lakini umbali wa kusimama kwa breki zilezile huzidi mara nne, kwa sababu katika hesabu hiyo mwendo huzidishwa kwa mwendo. Dereva asiyelielewa jambo hilo atafunga breki akiwa amekwisha kuchelewa. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Sisemi kwamba hesabu peke yake ingewaokoa, lakini tangu siku hiyo siwezi kusikia mtu akidharau uzito, mteremko na breki nikanyamaza.

Hata sisi wa gengi, ambao watu hudhani kazi yetu ni nguvu tu, tunaishi kwa hesabu. Reli ya chuma yenye urefu wa mita 12, jua likiipandishia joto kwa nyuzi 30, hurefuka kwa takribani milimita 4. Ndiyo maana tunapoziunganisha asubuhi ya baridi tunachomeka kipande chembamba cha bati kati ya ncha mbili ili nafasi ibaki sawasawa, kisha tunakitoa. Nafasi ikiwa ndogo mno, mchana reli husukumana mpaka njia ikapinda kama nyoka. Ikiwa kubwa mno, magurudumu yanapigapiga ncha za reli mpaka zinabondeka. Bati hilo nimelishika miaka mingi, lakini unene wake huchaguliwa na nyapara, kwa kuwa ndiye anayeweza kusoma jedwali la joto. Mara mbili nilipendekezwa kupandishwa kuwa nyapara, na mara zote mbili nilikwama kwenye karatasi ya hesabu.

Kwa hiyo, mwanangu, rudia Hisabati. Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, ufanye mtihani wa Novemba, na usome ukiwa hukohuko kwa shangazi yako. Kila tangazo la ufundi wa njia, la ishara au la udereva ulilowahi kunisomea lilitaja Hisabati na Fizikia. D huanzia alama 30, lakini usilenge D, kwa maana wanaogombania nafasi hizo ni wengi na wamekuja na C. Kuhudumia abiria ndani ya mabehewa ni kazi ya heshima, ukiipata ifanye vizuri, ila usiitegemee ikuhamishie kwenye kiti cha dereva wakati cheti chako kina F. Akina dada wanaoendesha treni ile wapo, nami nakuona kabisa ukiwa miongoni mwao, na hilo sikuwahi kukuambia.

Ulikuwa mvivu wa kufanya mazoezi, na hilo unalijua. Lakini najua pia kwamba likizo ya Juni uliniomba ada ya masomo ya ziada mara mbili, nami nikakujibu kwamba mtoto wa kike hesabu zake ni za sokoni, wakati fedha zenyewe nilikuwa nimekwisha kuzinunulia bati za banda la kuku. Banda lenyewe linavuja. Mwambie mama yako auze tetea wanne, asimguse jogoo mwekundu, na fedha hizo akupe wewe kwa ajili ya kujiandikisha, wala zisiingie kwenye nauli.

Kitabu cha majedwali kipo juu ya kabati, chini ya redio, na rula yangu ya chuma imo ndani yake; chukua vyote viwili. Aliyekuletea barua hii anarudi kambini Jumatano jioni, basi mpe koti langu la mvua, na umpe pia jibu lako kwa maandishi, unieleze kama utajiandikisha au hutajiandikisha.

Baba yako